Fungua Kabla Hatujaachana

Baba yangu alikuwa na penseli ya zambarau. Ukiilowesha ncha yake kwa mate, maandishi yake hayafutiki tena, na rangi hiyo ilikaa kwenye mdomo wake wa chini wiki nzima mpaka Ijumaa alipokoga kwenda msikitini. Alikuwa karani wa kuhesabu mizigo katika Bandari ya Bujumbura, enzi za EPB, shirika lililoendesha bandari yetu kabla haijaingia mikononi mwa Global Port Services Burundi. Mimi nilimpelekea chakula cha mchana kutoka Buyenzi, wali na samaki wa mukeke ndani ya bakuli lililofungwa kitambaa, kisha nikakaa karibu na geti kumtazama akifanya kazi.

Mizigo mingi iliyopita mbele yake ilikuwa saruji na sukari kutoka Mpulungu, Zambia, kule ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Hakubonyeza kila mfuko. Aliangalia kwanza karatasi ya mfuko wenyewe. Mfuko uliowahi kulowa huwa na mstari wa kahawia, kama ule ambao maji huacha ukutani baada ya mafuriko. Akiuona mstari huo alisimamisha wachukuzi, akaweka kiganja, akabonyeza pembe. Saruji nzima husogea chini ya mkono kama unga, iliyolowa inagoma. Hapo penseli inakwenda mdomoni, kisha kwenye karatasi ya kupokelea: mifuko mingapi, ina kasoro gani, nani alikuwapo. Mwenye mzigo anatia saini, na mtu wa meli anatia yake. Basi, wachukuzi wanaendelea.

"Karatasi ikitoka getini safi, mzigo umetoka safi," aliniambia. Kwa miaka mingi nilidhani ananieleza habari za saruji.

Nilianza kuuza kwa simu mwaka 2021. Vitenge, viatu vya kike, vyombo vya jikoni. Napiga picha sebuleni, naweka kwenye stetasi ya WhatsApp, mteja ananiandikia, analipa kwa simu kupitia Lumicash, na kijana wangu anampelekea. Chini ya kila picha niliandika maneno ambayo kila mtu aliyekulia Afrika Mashariki ameyasoma ukutani dukani: mali ikishauzwa hairudishwi. Niliyaandika bila kufikiri, kama mtu anavyoandika tarehe juu ya barua.

Mwezi wa tatu wa biashara yangu, dada mmoja wa Kinindo alinunua kitenge cha yadi 6 kwa faranga 45,000. Siku mbili baadaye akaniandikia kwamba fundi wake amekipima na kupata yadi tano na nusu. Nikamjibu kwa maneno yale yale ya ukutani. Akanitaja kwenye kikundi cha akina mama chenye watu zaidi ya 200, na kabla ya jioni wateja wanne waliokuwa wameshaagiza wakanyamaza. Nililia usiku ule. Baba, ambaye sasa anakaa nyumbani na macho yake yamefifia, aliniuliza swali moja tu: "Nani alifungua?"

Sikuwa na jibu. Kijana wangu alikabidhi mfuko kwa mlinzi wa geti, mlinzi akampa msichana wa kazi, msichana akauweka mezani mpaka bibi wa nyumba aliporudi jioni. Mikono mitatu, na hakuna aliyefungua. Asubuhi yake nikatoa vitenge vyote vya robota nililokitoa kitenge chake, nikavitandaza sakafuni na kuvipima kimoja kimoja kwa futi ya fundi. Viwili kati ya vile vilivyobaki vilikuwa vifupi. Kumbe dada wa Kinindo alikuwa amesema kweli tupu, na kosa lilianzia kwangu, siku nilipopokea robota nikalipa bila kukata kamba yake. Nikamrudishia 45,000 zake pamoja na gharama ya kutuma, nikamwomba radhi kwenye kikundi kile kile.

Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza wazee jinsi mambo haya yalivyokuwa. Ninachokiona ni kwamba ziwa hili lilifundisha watu wake zamani sana kitu ambacho simu imetusahaulisha. Kitu kilichovuka maji hakirudi kirahisi. Kwa hiyo wafanyabiashara wa ziwa waliweka uzito wote wa biashara kwenye dakika moja, dakika ambayo mali inahama kutoka mkono huu kwenda mkono ule, wote wawili wakiwa bado wamesimama pale.

Kabla Wajerumani hawajaweka kituo chao cha Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1897, pwani yetu hii iliitwa Uzige. Livingstone na Stanley walifika hapa kwa mtumbwi mwishoni mwa 1871 kutazama kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, wakapokelewa na mtawala Mukamba. Soko moja kubwa la ziwa hili lilikuwa Ujiji, safari ya siku nyingi za makasia. Msafiri Mwingereza, Cameron, alifika Ujiji mwaka 1874 na akaeleza jambo ambalo kila ninapolifikiria nasimama. Fedha ya soko lile ilikuwa shanga zilizoitwa sofi, zilizofanana na vipande vya mrija wa kiko. Soko likifunguliwa, walikuja watu wenye mifuko ya sofi, wakawabadilishia wanunuzi kwa shanga walizokuja nazo kutoka kwao. Soko likifungwa, watu wale wale walizipokea tena sofi kutoka kwa wauzaji. Faida yao ilitoka pande zote mbili, likifunguliwa na likifungwa. Yaani soko zima liliendeshwa kwa kitu kinachotoka likifunguliwa na kurudi likifungwa, na waliokibadilisha walikuwa pale pale, uso kwa uso. Ukipewa sofi iliyovunjika, humtafuti mtu. Yupo pale.

Nguo nayo ilipimwa kwa mwili. Merikani iliyotoka Marekani kupitia Unguja ilikatwa kwa mikono: mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. Mkono ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na hapo ndipo swali linapokuja: mkono wa nani? Mrefu na mfupi hawapati doti moja. Ndiyo maana huwezi kununua nguo ya namna hiyo bila kuwapo. Lazima uone kiwiko kikishuka kwenye nguo, uhesabu kwa sauti pamoja na muuzaji, na ukiona ameukunja mkono, useme pale pale. Nilipowasimulia wanangu, mdogo alipima kitenge kimoja kwa mkono wangu na kisha kwa wake. Tofauti ilikuwa karibu mikono miwili.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, miaka miwili kabla Wabelgiji hawajaingia Usumbura. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walitia saini mkataba mwaka 1921 uliowapa Wabelgiji maeneo ndani ya bandari ya Dar es Salaam na ya Kigoma, kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka. Wazee wa bandarini bado wanayaita Belbase. Shehena ya Kongo na ya Ruanda-Urundi iliteremshwa Dar es Salaam, ikapanda treni zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma, ikapakiwa tena, ikavuka maji hadi kwetu, bila forodha ya Tanganyika kuigusa. Fikiria sanduku la vikombe limetoka Antwerp. Limeinuliwa na kuteremshwa mara ngapi? Mwenye duka hapa akikuta vikombe 11 vimepasuka, atavirudisha wapi, na nani atalipa nauli ya vipande?

Hakuvirudisha. Alidai kwa karatasi. Na karatasi ilikuwa na nguvu kama tu iliandikwa kwa wakati. Mkataba wa kimataifa wa shehena za baharini, uliotiwa saini Brussels Agosti 1924, unaweka jambo hili wazi: uharibifu unaoonekana uandikwe wakati wa kupokea, na ule uliojificha uandikwe ndani ya siku 3. Ukikaa kimya, inahesabiwa kwamba umepokea mzigo kama ulivyoelezwa kwenye hati, na ni juu yako sasa kuonyesha vinginevyo. Baba hakuwahi kuusoma mkataba huo. Lakini penseli yake ya zambarau ilikuwa inautekeleza, mfuko kwa mfuko, kwenye bandari iliyo zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bahari.

Bandari yenyewe ni kazi ya miaka ya 1950, na katika miaka hiyo hiyo, 1955, ilianzishwa Brarudi, kiwanda cha bia na soda. Naitaja kwa sababu huko Warundi wengi walijifunza kurudisha kitu kila siku bila ugomvi. Hakuna anayekwenda kununua kreti la Fanta mikono mitupu. Anakwenda na kreti la chupa tupu, muuzaji anapitisha kidole kwenye midomo ya chupa kutafuta iliyomeguka, na iliyomeguka anaitenga hapo hapo. Hakuna anayekasirika. Kidole kimepita mbele ya macho yake.

Kinyume chake ni mitumba. Hapa tunaiita chaguwa, na jina limetoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe, chagua, kwa sababu mnunuzi wa mwisho anapewa haki ya kuchambua, kunusa, kunyoosha mikono ya shati na kuitazama kwenye jua. Lakini anayenunua robota zima haoni kitu ila maandishi ya nje. Akishakata kamba, robota ni lake, liwe na makoti ya sufi au soksi zisizo na jozi. Mimi niliponunua robota langu la vitenge nilikubali sheria ya robota, kisha nikataka kuwauzia wateja wangu kwa sheria hiyo hiyo, wakati kila mmoja wao alidhani ananunua kwa sheria ya chaguwa. Ugomvi wangu wote na dada wa Kinindo ulikuwa humo.

Kuna miaka ambayo geti lilinyamaza. Julai 1996, baada ya mapinduzi, nchi jirani zilituwekea vikwazo, na vikaendelea mpaka Januari 1999. Baba alikuwa anakwenda kazini kukaa. Bidhaa zilizoingia zilipita njia za panya, usiku, na mama yangu aliyezinunua kwa ajili ya kibanda chake hakuuliza yadi wala kipimo. Kitu ulichouziwa gizani huna pa kukirudisha. Nadhani maneno ya ukutani yalikita mizizi zaidi katika miaka ile, watu walipozoea kwamba chochote kilichopatikana ni cha kushukuru.

Kibanda cha mama kilikuwa Soko Kuu. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, soko liliungua. Moshi tuliuona kutoka Buyenzi, na mama alikimbia hadi alipozuiwa, akakaa chini barabarani na kanga yake kichwani. Vitenge vyote alivyokuwa navyo vilikuwa mali kauli: mfanyabiashara wa Kigoma alimpa kwa neno tu, auze kwanza alipe baadaye. Daftari liliungua pamoja na nguo. Wahenga wamesema mali bila daftari huisha bila habari, lakini mama aliikumbuka kila yadi. Alipanda boti kwenda Kigoma, akamkalia yule mzee barazani na kumtajia deni lake kwa kichwa, kitenge kwa kitenge, rangi kwa rangi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatoa daftari lake mwenyewe, na hesabu zikalingana. Walikubaliana alipe nusu kwa miaka mitatu.

Kilichoniingia zaidi ni habari ya arabuni. Wasichana watatu waliokuwa wanaolewa walikuwa wameshalipa arabuni kwa vitenge vya harusi vilivyoungua. Hakuna hata mmoja aliyekuja kudai, walijua hana. Mama alianza kuuza ndagala kwa kopo, na kila mwisho wa wiki alitenga kidogo ndani ya kikopo cha maziwa. Ilimchukua miezi minane. Aliwafuata nyumbani kwao, mmoja Bwiza, mmoja Kamenge, mmoja ameshahamia kwa mumewe Gihosha, akawawekea pesa mkononi. Yule wa Gihosha alikataa. Mama aliziweka chini ya kikombe cha chai akaondoka. Nilikuwa naye siku hiyo, na sijawahi kuona mtu akitembea mwepesi kama alivyotembea kuteremka kile kilima.

Niliposimulia yaliyonipata, ustadhi mmoja wa mtaani kwetu alinieleza kwamba neno aibu tulilolizoea lina maana nyingine sokoni. Kwa Kiarabu ni kasoro, ya mtu au ya bidhaa, na wanazuoni wanaita haki ya kurudisha kilicho na kasoro khiyari ya aibu. Sisi Waswahili tukalichukua neno, tukaiacha bidhaa, tukabaki na uso wa mtu. Akanikumbusha kwamba muuzaji na mnunuzi wana hiari ya kuvunja biashara maadamu hawajaachana, kwamba aliyeona kasoro akaendelea kukitumia kitu amekiridhia, na kwamba Mtume aliwahi kutia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni, vidole vikatoka vimelowa, akamuuliza mwenyewe kwa nini ile iliyonyeshewa hakuiweka juu watu waione. Nilimfikiria baba na kiganja chake juu ya saruji.

Sheria ya serikali nayo haiko mbali na hapo. Amri ya mikataba ya mwaka 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo na baadaye Wabelgiji wakaileta kwetu, inambana muuzaji kwa kasoro iliyojificha, na inampa mnunuzi nafasi mbili: akirudishe kitu apewe bei yake, au abaki nacho arudishiwe sehemu ya bei. Maneno ya ukutani yana nguvu ndogo kuliko tunavyodhani. Niliyafuta siku nilipoyajua hayo.

Siku hizi nafanya hivi. Robota au katoni ikifika, iwe imetoka ziwani au kwenye malori yanayopita mpaka wa Kobero na kuja kupanga mstari bandarini, sisaini kabla sijakata kamba mbele ya aliyeileta. Wengine hununa. Nawapa soda, nawaomba subira, napima. Chenye doa nakipiga picha, doa lenyewe karibu kabisa, na picha hiyo inakwenda kwenye stetasi pamoja na zile nzuri, na bei yake imeshapunguzwa. Rangi naiandika kwa maneno, kwa kuwa simu yangu huifanya damu ya mzee kuwa nyekundu ya bendera. Kiatu naandika urefu wake kwa sentimita, kwa sababu namba 39 ya kiwanda kimoja ni 37 ya kingine.

Halafu kuna kijana wangu. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na tuk-tuk zilipigwa marufuku katikati ya jiji. Wengi waliona ndiyo mwisho wa biashara yetu. Kwangu ilinilazimu kurudi kwenye geti. Kijana anasimama mpakani, pale pikipiki inapoishia, na mteja anakuja mwenyewe kwa miguu kuchukua mzigo wake. Hakuna mlinzi, hakuna msichana wa kazi. Kijana ana futi shingoni na kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Kabla ya kupokea pesa ya usafiri anasema: fungua, dada, kabla hatujaachana. Mteja anafungua juu ya tanki la pikipiki, anapima, anajaribu kiatu akiwa ameshika bega la kijana. Kisichofaa kinarudi pale pale, na mimi narudisha pesa kwa simu kabla pikipiki haijawashwa, gharama ya kutuma ikiwa juu yangu. Kasoro ambayo macho hayawezi kuiona barabarani, zipu inayoachia, rangi inayotoka majini, nimeipa siku 3, kama zile za Brussels.

Kuna wanaonionea. Mama mmoja alivaa viatu harusini Jumamosi akavirudisha Jumatatu, soli zikiwa na vumbi jekundu la Musaga. Hivyo sikuvipokea, na nilimpigia simu badala ya kumwandikia, nikamweleza kwa upole kwamba ameshaviridhia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema sawa, dada. Bado ananunua kwangu.

Jioni, baada ya Isha, baba ananiita nimsomee kitabu cha risiti, kwa sababu mwenyewe hawezi tena kuona mistari ya kaboni. Nakaa kwenye mkeka karibu na kiti chake. Jana zilikuwa risiti saba. Ya tano nilimsomea hivi: vitenge viwili, kimoja kina doa la mafuta kwenye pindo, upana wa kidole, amepunguziwa 3,000, amekubali.

"Mbele ya nani?" akauliza.

"Mbele ya mwenye kibanda cha kuuza vocha."

"Saini ipo?"

Nikauchukua mkono wake, nikakipitisha kidole chake pale kalamu ilipokandamiza karatasi.